Orodha Haipandi Boti

Kwao ni wapi sikumuuliza, na baba yake ni nani hakuniambia. Mtu akija kupanga kwangu namuuliza mambo mawili tu: unavuta sigara kitandani? Una jenereta la kupiga kelele? Fundi alijibu hapana mara mbili, akaingiza masanduku mawili ya vyuma na waya, akakaa miaka kumi na mmoja. Anayetaka ukoo wake akautafute mwenyewe. Mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu, hapa Gungu, Kigoma, nyumbani kwangu, na kule mwaloni yanakofungwa maboti yangu mawili.

Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma najua, polepole. Kuandika najua, kwa herufi kubwa. Nilianza maisha kwa kuchota maji kwa kopo ndani ya boti za watu, na leo nina zangu, na umoja wa wenye maboti wamenifanya mwenyekiti, tena hawakunifanyia huruma. Haya nimeyaandika mwenyewe kwa miezi minne. Karani wetu wa mwaloni amenyoosha herufi tu. Maneno hakuyagusa, nimemkataza.

Fundi alikuwa mwanamke. Nalisema hilo kwa sababu wageni wakija kumtafuta "fundi wa kompyuta" walimpita pale barazani anachambua dagaa, wakaenda kumsalimia mpangaji wa chumba cha pili, dereva wa bodaboda aliyevaa miwani. Aliwaacha waende.

"Waache wamweleze shida zao," aliniambia. "Yule naye anahitaji mazoezi."

Alikuwa mfupi, mwenye vidole vifupi, na alipokuwa akiandika programu zake aliongea peke yake kama mtu anayegombana na mbuzi. "Nimekwambia usipite huku. Nani kakufungulia?" Mwanzo nilidhani ana mtu ndani. Nikagonga. Akafungua, yuko peke yake na mashine.

Kila asubuhi tulikaa kwenye benchi langu la nje, chai ya rangi, muhogo wa kuchemsha, redio yangu na simu yake. Redio yangu ilitoa habari za nchi. Simu yake ilitoa habari za wenzake, watu wa programu dunia nzima, na mimi ambaye sijui hata kompyuta inawashwa upande gani nilizijua zote kwa sababu alikuwa ananisomea kwa sauti, kisha anazijibu kama vile wakubwa wale wa ng'ambo wako uwani kwetu.

"Shikamoo Mzee. Leo tumekufa tena."

"Marahaba. Nani kawaua?"

"Akili mnemba. Tajiri mmoja anasema mwakani hakutakuwa na binadamu wa kuandika programu. Mashine itajiandikia."

"Mwaka jana hamkufa?"

"Tulikufa. Na mwaka juzi. Mimi nimezoea, siku hizi nakufa huku nakunywa chai."

"Na mashine ikikosea?"

Akapuliza chai yake. "Hapo ndipo utawaona wanamtafuta mtu. Mashine haina shingo ya kukamatwa, Mzee."

Siku nyingine ilikuwa lugha mpya. Nilidhani anasema lugha kama Kiha na Kibembe, kumbe watu wa programu nao wana lugha zao za kuiamuru mashine, na kila msimu inazaliwa nyingine, na wanaoizaa wanawaambia wengine watupe za zamani. Nikamuuliza hii mpya inasema nini ambacho za zamani zilishindwa kusema.

"Inasema tuanze upya wote," akajibu. "Ndiyo kazi yake kubwa."

Siku nyingine alisoma habari ya friji la jikoni linalounganishwa na mtandao, linajua maziwa yamebaki kiasi gani, nalo lisipopata sasisho lake linagoma kufunguka. Alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi sikucheka. Nilimwambia friji langu halisemi, na ndiyo maana tumeishi vizuri.

Kuna asubuhi redio na simu zilisema neno moja. Viwanja vya ndege vya nchi kubwa vimesimama, watu wamelala sakafuni, kwa sababu mashine zao zote zilipokea sasisho moja bovu kwa wakati mmoja. Fundi aliingia ndani, akaigonga mashine yake kuu mgongoni kama anavyogongwa ng'ombe mtulivu, akarudi.

"Yangu nzima," alisema. "Haijui hata kama kuna dunia."

Lakini msimfanye malaika. Alikuwa mkaidi kupita punda, na mimi ninasema hivyo nikiwa mkaidi pia. Aliwahubiria watu wote habari ya kuweka nakala, kila kitu kiwe na nakala mbili, moja ndani moja nje, halafu ufunguo wa chumba chake aliupoteza mara tatu na mara zote tatu ulikuwa mmoja. Aliitukana akili mnemba asubuhi, na mchana nikamkuta anaizungumzisha. Nikamwambia, "Kumbe ni mchumba wako?"

Hakuona haya. "Namuuliza kama unavyomuuliza mlevi njia. Unamsikiliza, unamshukuru, halafu unamuuliza mtu mwingine."

Na lingine: alifanya kazi ya maboti miaka yote ile na hakupanda boti hata siku moja. Aliliogopa ziwa. Hakuficha. Akifika mwaloni alikaa hatua ishirini kutoka maji, na wimbi likija kwa nguvu alirudi nyuma nyingine tano. Vijana wa kupakia walimtania.

"Fundi, njoo tukupeleke Kagunga uone program yako inavyosafiri!"

"Program yangu haisafiri," aliwajibu. "Ikisafiri na nyinyi ikazama na nyinyi, nani atasema mlikuwa wangapi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake kubwa kuliko yote, nalo mwaloni waliligeuza msemo. Orodha haipandi boti.

Nieleze orodha yenyewe. Zamani abiria wakipanda kwenda vijiji vya kaskazini waliandikwa kwenye daftari, na daftari lilikaa kwa nahodha. Boti likipinduka, daftari linalowa na nahodha, na huku nchi kavu kila mtu anabaki na hesabu yake kichwani. Nimewahi kusimama ufukweni na watu wanaoulizana "alikuwemo au hakuwemo?" Siwaombei mkasimame hapo. Fundi alipohamia kwangu nilimsimulia hilo siku moja, hivi hivi tu, maneno ya benchi. Kesho yake alibeba kigoda akaenda mwaloni, akakaa karibu na karani, na alikaa hivyo wiki mbili bila kugusa mashine. Anasikiliza tu karani anavyowauliza watu.

Karani wetu ni mtu wa pwani hii, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mawimbi. Hamuulizi mtu jina la kwanza, la kati na la ukoo. Nusu ya watu wetu wa vijijini wana jina moja tu la kuitwa, na kitambulisho wamekiacha nyumbani ndani ya godoro. Yeye anauliza, "Wewe nani? Wa nani? Umebeba nini?" Basi. Ukijibu hayo matatu, mwaloni mzima wanakujua.

Fundi akaandika programu yake inayouliza hayo matatu. Jina, wa nani, umebeba nini. Mashine ikakaa kwenye chumba changu cha stoo pale mwaloni, bila mtandao, na printa kuukuu pembeni. Karani anaingiza, boti likijaa mashine inagoma kuongeza mtu, karatasi inatoka, inabandikwa ukutani. Boti linaondoka, karatasi inabaki. Hakuna lingine. Mgeni mmoja msomi alipoiona aliuliza, "Ni hii tu?" Fundi akamjibu, "Unataka ipike?"

Kwa miaka saba ilifanya kazi. Wenzake kwenye simu walikuwa kila wiki na kitu kipya, na yeye hakubadili kitu pale stoo ila kufuta vumbi. Nilimuuliza kama haoni aibu. Akasema, "Mzee, wewe boti lako likielea vizuri unalitoboa ili ulizibe kwa mtindo mpya?"

Sasa nifike kwenye kosa langu, na kosa ni langu.

Kampuni moja ilitoka mjini, Dar es Salaam, wakaitisha umoja wetu. Kijana wao alikuwa na shati lenye picha ya kampuni kifuani na vishikwambi sita ndani ya maboksi. Alitueleza mfumo wa kisasa wenye akili mnemba, majina ya abiria yanapaa mawinguni, mtu wa Dar anaona boti la Kigoma linavyojaa, na ule wa zamani, alisema, umetengenezwa na mtu mmoja chumbani, hauna usalama. Wenzangu walipiga makofi. Vishikwambi vilikuwa vinang'aa.

Fundi alinyoosha mkono kutoka nyuma.

"Mtandao ukikatika?"

"Mama, mfumo unahifadhi, ukirudi unatuma."

"Watu wawili wakiwa na jina moja, kijiji kimoja?"

"Akili mnemba inatambua yaliyojirudia, inasafisha orodha yenyewe."

"Inasafisha watu?"

"Inasafisha makosa, mama. Na ikikosea inajifunza. Kila siku inakuwa na akili zaidi."

"Na sisi tufe mara ngapi ndipo ihitimu?"

Watu waliguna. Kijana alicheka kile kicheko cha kustahi mkubwa, akageuka kwangu na karatasi kurasa sita na kalamu. Mimi nilizifunua kurasa moja baada ya moja, nikatulia juu ya kila moja kiasi cha mtu anayesoma, kisha nikasema, "Naona ni sawa." Sikusoma hata mstari. Watu arobaini wananitazama, mgeni kashika kalamu, mwenyekiti aanze kuunga herufi mbele yao kama mtoto? Nikatia sahihi.

Tuliporudi nyumbani aliniuliza barazani. "Mzee, umeisoma ile karatasi?"

"Nimeisoma."

"Wanasema nini?"

"Wanasema kesho uzime ile mashine yako."

Nilidhani atalia au atafungasha. Alikaa kwenye benchi, akavua viatu. "Stoo ni yako," alisema. "Umeme ni wako. Swichi iko nyuma ya mlango, unaijua. Nenda ukazime. Mimi sizimi."

"Unanipa amri nyumbani kwangu?"

"Sikupi amri. Nakwambia mkono wangu hautaizima. Una wako."

Nilikwenda mwaloni asubuhi nikiwa na hasira ya kuizima. Nikasimama nyuma ya mlango na kidole juu ya swichi. Sitadanganya nikasema niliona mbali, sikuona kitu. Nilikasirika tu kwamba nimeambiwa nitazima, na mimi mtu akishajua nitakalofanya silifanyi. Nikaiacha inaunguruma. Karani akawa anaandika kila abiria mara mbili, mara moja kwenye kishikwambi cha kampuni, mara moja kwenye mashine ya Fundi, na kila siku alinilaani kwa sauti ambayo Kongo waliisikia.

Miezi mitano ikapita hivyo.

Siku yenyewe, boti langu kubwa liliondoka asubuhi kwenda Kagunga. Kabla ya adhuhuri injini ilikufa, na upepo wa kusini uliokuwa umeamka tangu alfajiri ukalisukuma kwenye mawe, mahali ambapo mlima unashuka wima mpaka majini na hakuna njia ya miguu. Wavuvi wa mtumbwi wa karibu wakapiga simu. Tulituma boti mbili na askari wawili. Sijawahi kusimama mahali kwa muda mrefu namna ile. Wake za watu walikuwa wameanza kukusanyika, na wote walikuwa hawaniangalii, na hiyo ni mbaya kuliko kuangaliwa.

Alasiri boti zikarudi zimejaa watu waliolowa, wanatetemeka, wako hai. Askari akashika kishikwambi, akahesabu vichwa kimoja kimoja. Thelathini na nane. Akatazama kioo. Thelathini na nane.

"Wote wamepatikana!" akapaza sauti, na mwalo mzima ukalia kwa furaha, wengine Alhamdulillah, wengine Bwana asifiwe. Mimi nikakaa chini mchangani. Kijana wa kampuni akapiga simu kutoka Dar, nikawekewa sikioni, akasema, "Mzee, umeona teknolojia?"

Fundi akatoka stoo na karatasi yake mkononi. Alikuwa ametembea mpaka karibu kabisa na watu, na maji yalikuwa hatua tatu kutoka miguuni mwake.

"Bado wawili," alisema.

Askari akamwonyesha kioo. "Mama, orodha imekamilika."

"Yenu. Yangu ni arobaini."

Manahodha walikuwa wamechoka, mmoja ameumia bega. Upepo haujatulia. Mtu akasema huyu mama ana kinyongo kwa sababu mashine yake imestaafishwa, na wengi wakaitikia, na mimi moyoni nilifikiri hivyo hivyo. Nilinyanyuka.

"Fundi," nikamwambia, "watu wamepona. Usituletee msiba kwa ugomvi wako. Mashine mbili zimepishana. Kwa nini niamini yako?"

"Kwa sababu ile hujui aliyeiandika ni nani. Hii nimeiandika mimi, na mimi niko hapa. Ikiwa nimedanganya, nahodha akirudi mikono mitupu, nishikeni. Niko hapa, sikimbii."

Nikaichukua karatasi. Mbele ya watu wote, nikaanza kuunga herufi. Sikujali tena nani ananitazama. Karani akaja begani kwangu lakini nikamzuia, nikasoma mwenyewe, kwa sauti.

"Bu-ku-ru. Wa bibi Nyachenda. Mtoto. Bu-to-yi. Wa bibi Nyachenda. Mtoto." Nikashuka. "Bukuru. Wa mfinyanzi. Vyungu viwili. Butoyi. Wa mfinyanzi. Chungu kimoja."



Sisi Waha, wakizaliwa mapacha hakuna kikao cha kutafuta majina. Aliyetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na Bukuru watano, na hakuna mtu wetu anayewachanganya, kwa sababu tunauliza wa nani. Ile akili ya mawinguni iliona Bukuru wa Kagunga, Butoyi wa Kagunga, halafu tena Bukuru wa Kagunga, Butoyi wa Kagunga, ikasema karani amerudia. Ikasafisha. Na mimi, Muha mtupu, niliyekuwepo kijana yule aliposema itasafisha, nilikuwa nimekaa mbele kabisa ninatikisa kichwa kukubali.

Watoto wawili walikuwa pale, wamefunikwa kanga moja na bibi yao. Bibi mwenyewe alikuwa bado ana maji masikioni, tangu aletwe hajasema kitu. Alipoyasikia majina aliinua kichwa.

"Wale wadada wa vyungu wako wapi?" aliuliza. "Walikaa mbele, kwenye madumu."

Nahodha mwenye bega bovu alikuwa wa kwanza kusukuma boti. Nilipanda naye, mimi mwenyewe, na miaka yangu. Fundi hakupanda. Nawaambia ukweli, hata siku hiyo hakupanda. Alibaki mchangani amekunja mikono anapiga kelele tu, "Mbele ya mawe, Mzee! Madumu yanaelea, yatakuwa yamevuka mawe!"

Yalikuwa yamevuka. Tuliwakuta kwenye kijikono cha mchanga kisichozidi upana wa chumba, upande wa pili wa jabali, mlima juu yao na maji mbele yao, jua bado liko juu ya milima ya Kongo kiasi cha mkono mmoja. Wanawake wawili wa makamo, kila mmoja amekumbatia dumu tupu la mawese. Mdogo alikuwa amevunjika mkono. Mkubwa alisimama akaangalia boti letu kutoka mbele hadi nyuma.

"Tuliona mnaondoka," alisema. "Tuliita. Mliondoka."

Nilimbeba nduguye nikamweka botini.

Kampuni walituma barua kwamba mtumiaji aliingiza taarifa pungufu. Karani alitaka kwenda Dar kwa miguu kuwatafuta. Fundi aliisoma barua ile kwenye benchi, kwa sauti ileile ya kusomea habari za wenzake. "Unaona Mzee? Shingo imepatikana. Ni ya karani."

Niliitisha umoja. Nikasimama nikasema nilitia sahihi kitu ambacho sikukisoma, kwa sababu niliona aibu kuonekana nasoma polepole, na aibu ile ilikuwa iwagharimu wanawake wawili uhai. Nikasema anayetaka uenyekiti auchukue. Hakuna aliyeuchukua. Tukavirudisha vishikwambi ndani ya maboksi yao.

Miaka miwili baadaye Fundi alihama. Alisema Gungu pana joto na ziwa linamtazama sana. Alipanda Kalinzi, kwenye baridi na kahawa, akapata nyumba yenye kibaraza. Hakuacha mashine yatima. Kabla ya kuondoka alimfundisha karani kuifungua, kuirekebisha, na kuandika mistari yenyewe. Siku hizi nikipita stoo namsikia karani anagombana ndani peke yake, na sigongi.

Nilimwona mara ya mwisho majuzi, mwezi uliopita. Imekuja kampuni nyingine. Hii ina maneno matamu zaidi na karatasi kurasa tisa, na inasema ya kwanza ilikuwa haina akili ya kutosha, yao inayo. Nikawaambia wanipe siku kumi. Nikaiweka ndani ya koti, nikapanda bodaboda mpaka Kalinzi, mgongo ukaniuma.

Alikuwa kibarazani, sweta mpaka shingoni. Nilisimama hatua tano mbele yake, na hakunijua.

"Nani?" aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Shikamoo Mzee! Nimesikia kikohozi nikadhani ni pikipiki." Akanyoosha mkono pembeni kidogo ya mahali mkono wangu ulipokuwa. Macho yalikuwa yamekwenda. Daktari amemwambia ni presha ya macho, nuru iliyopotea haitarudi. Simu yake sasa inamsomea habari kwa sauti ya mwanamke asiye na pua. "Leo tumekufa tena," alisema kabla sijakaa. "Ila huyu anayesoma hana hata huruma kwenye sauti."

Nikatoa karatasi, nikazikunjua. Nilikuwa nimezileta ili anisomee. Ndiyo shida iliyonipandisha mlima. Yeye alijua nimeshika nini kwa mlio wake, mimi nilijua kwamba hawezi kunisomea.

"Simu itakusomea," nikasema. "Tuipige picha."

"Iruke mstari tusijue?" Akavuta kigoda karibu. "Soma wewe."

"Zitachukua siku nzima."

"Una pa kwenda?"

Nikasoma. Herufi kwa herufi, neno kwa neno, mtu mzima mwenye boti mbili, katikati ya kahawa za watu, wapita njia wananisalimia "Mwakeye, Mzee" na mimi siwajibu kwa sababu nikijibu napoteza mstari. Neno gumu nikilifikia alilieleza. Mahali wamezungusha maneno alisema "rudi nyuma," nikarudi. Tulikula ugali na maharage katikati ya ukurasa wa tano. Ukurasa wa saba ulisema kampuni haitawajibika kwa upungufu wowote wa orodha. Nililisoma hilo mara mbili bila kuambiwa. Akaningojea.

Nikaomba kalamu. Nikaupiga mstari ule msalaba, na pembeni, kwa herufi zangu kubwa, nikaandika kwamba orodha itauliza mtu ni wa nani, karatasi itabaki nchi kavu, na aliyeandika programu atatuletea jina lake na uso wake pale mwaloni, au wasije. Sentensi ilizunguka ukurasa, ikashuka ubavuni, ikamalizikia chini kabisa. Kalamu ilitoboa karatasi mahali pawili.

Fundi alikuwa ameinamisha sikio. "Huo mwandiko unakwaruza kama kuku, Mzee," alisema. "Watausomaje wale watoto wa mjini?"

Nikazikunja kurasa zote tisa, nikazirudisha ndani ya koti.

"Polepole," nikamwambia. "Watausoma polepole."